Pikapu ya Mguu Mmoja

Harufu ninayoanza nayo ni ya mafuta mekundu ya gia yaliyoungua. Mtu aliyewahi kuziacha karanga kwenye kikaango akaenda kuteka maji, akarudi akakuta jiko limejaa moshi, anaijua harufu hiyo kwa nusu. Nusu iliyobaki ni ya chuma kilichopata joto. Kila ninapoisikia, hata leo, kando ya gereji za Busia au pale Tororo malori yanapopumzika, narudi kuwa mtoto aliyekaa juu ya tairi kuukuu uani kwetu Mella, magoti yamegusa kidevu, akiwatazama wakubwa wakifanya jambo ambalo baadaye lilisimuliwa vingine. Mimi niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko jembe. Sina hakika kwamba kila kilichomo kichwani mwangu nilikiona mwenyewe. Mengine huenda nilisimuliwa, nikayafanya yangu. Lakini la siku ya giaboksi nililiona. Hilo sisiti kulisema.

Baba yetu, tuliyemwita Papa kama Wateso wengine wanavyowaita baba zao, alikuwa na mguu mmoja tu wa kufanyia kazi. Ule wa kushoto ulinyauka kwa polio kabla hajajua kukimbia, ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe. Kaka yake Omuse, ambaye kwetu ni Baba Mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule na kurudi, vumbi na matope, mpaka Omuse mwenyewe akawa mkubwa mno kwa madawati ya watoto, akaacha masomo na kushika plau ya ng'ombe. Ukoo mzima uliijua habari hiyo na uliirudia kwenye kila sherehe, wazee wakiwa wamezunguka chungu cha pombe ya ulezi, mirija mirefu midomoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nadhani Baba Mkubwa aliusikia uzito wote. Na nadhani pia, bila kumwonea mtu yeyote, kwamba aliyebebwa naye alikuwa na uzito wake wa kubeba, kwa sababu kila sherehe alikumbushwa mgongo uliompeleka shule, na kila mara ilimbidi ainamishe kichwa na kutabasamu.

Kabla sijazaliwa Papa alifanya kazi mpakani Busia, juu ya baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Walikuwa kundi kubwa la watu wasioweza kutembea, wanaume kwa wanawake, wakivusha mizigo ya wafanyabiashara kutoka Kenya kuja Uganda na kutoka Uganda kwenda Kenya: sabuni, unga, mafuta ya kupikia. Mabega yake yalitanuka kwa kazi hiyo mpaka shati likawa halifungiki shingoni. Kisha mradi mmoja wa mbegu ulifunga ofisi ukauza vifaa vyake, na kati ya vifaa hivyo palikuwa na pikapu kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Ilikuwa otomatiki. Kwetu wakati huo pikapu isiyo na klachi ilionekana kama dume lisilo na pembe. Papa aliizunguka akichechemea na mkongojo wake, akapanda, akatazama chini, akaona kanyagio mbili tu, ya mafuta na ya breki, zote za mguu wa kulia. Mama alinisimulia kwamba hapo Papa alicheka peke yake ndani ya gari, kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Vijana waliiita Pikapu ya Mguu Mmoja, nami nilipigana nao shuleni kwa ajili hiyo, lakini Papa hakuona ubaya wowote. Alibeba mihogo kutoka Kirewa, nyanya kutoka Molo, matofali, wagonjwa, bibi harusi na majeneza. Akiwa nyuma ya usukani hukuuona mguu. Uliona kiwiko kimetokeza dirishani, na ukasikia sauti ambayo mtu huyo hakuwa nayo akiwa chini. Hata njiani kwenda kanisani, Baba Mkubwa alikuwa akikaa nyuma na watoto, ameshikilia kofia yake upepo usiichukue, na Papa alikuwa akimtazama kwenye kioo. Sijui alikuwa akifikiri nini. Nasema tu kwamba alikuwa akimtazama mara nyingi.

Iliharibika msimu wa mihogo. Injini ilinguruma lakini gari likawa linatambaa, kisha likanguruma tu bila kutambaa, halafu ile harufu ya karanga zilizoungua ikatoka chini na moshi juu yake. Ilivutwa kutoka barabara ya Kirewa na ng'ombe wa Baba Mkubwa, madume mawili ya kulimia, Papa akiwa ndani anashika usukani na watu wamejipanga kando ya njia kana kwamba ni arusi.

"Ng'ombe yangu haina otomatiki," Baba Mkubwa aliwapigia kelele, "lakini inafika!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka. Papa hakucheka, ila pia hakukasirika waziwazi; alisema asante walipofika uani, akashuka, akaingia ndani.

Fundi aliyekuja kuitazama aliitwa Wandera, Msamia wa upande wa Kenya, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na kwa sababu yake wote walizungumza Kiswahili siku zote za kazi hiyo. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa nakijua Kiswahili cha sokoni, nakumbuka maneno yenyewe. Wandera alichovya kidole kwenye mafuta, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mzee, wacha nikuambie ukweli. Hii giaboksi imekufa. Na otomatiki ya kununua sokoni ni bahati nasibu. Watu siku hizi wanatoa, wanaweka manyuo. Unapata klachi yako, gia zako za kupanga kwa mkono, gari inapanda mlima kama mbuzi."

"Na klachi nitakanyaga na nini?" Papa aliuliza.

Wandera aliutazama mguu, kisha akatazama kuku.

"Mimi takanyaga," Baba Mkubwa alisema. Alisema kwa furaha, nakumbuka uso wake. "Wewe nakaa hapa kando, nasema tunakwenda wapi. Mimi naendesha. Si hata zamani mimi ndiyo nilikuwa nakupeleka?"

"Ndiyo sababu," Papa alijibu.

Hapo nataka kuwa mwangalifu. Watu wengi kwetu walisema baadaye kwamba Omuse aliitamani pikapu ya mdogo wake tangu siku ya kwanza, na kwamba alifurahi ilipokufa. Inawezekana kulikuwa na tamaa kidogo. Nani hakutamani kuendesha gari? Lakini mimi niliona mtu aliyempata tena ndugu yake wa kumbeba, akafurahi, na hakuelewa kwa nini ndugu hakufurahi naye. Ndugu wawili wanaweza kukaa jikoni kwa mama mmoja na kula bakuli moja, na bado kila mmoja akaila njaa yake.

Papa alitaka otomatiki nyingine. Nilikwenda naye Busia kuitafuta, na tuliipata upande wa Kenya, katika kibanda cha vyuma vilivyotumika, imelazwa juu ya gunia kama mnyama aliyechinjwa. Wandera aliikagua akakubali kwa shingo upande. Wa kuivusha walikuwa wenzake Papa wa zamani. Mwanamke mmoja mnene aitwaye Nekesa, aliyekuwa mkubwa wa kundi lao, alikuja akizungusha kanyagio za mikono na kupiga kengele.

"Shemeji wa Uganda! Magari yamekutupa, umerudi kwetu?"

"Sijarudi. Nimekuja kuchukua mguu wangu."

Nekesa aliipigapiga giaboksi kwa kiganja. "Mguu gani huu, mzito kama nguruwe wa Krismasi? Haya, uwekeni hapa mapajani. Mapaja yasiyosikia kitu ndiyo yanayofaa mzigo."

Wote walicheka, na Papa alicheka kicheko kile ambacho sikukisikia nyumbani, cha mtu aliye kati ya watu wake. Nilisukuma baiskeli ya Nekesa kutoka nyuma mpaka tukavuka, jasho likiniingia machoni, wengine wakitusindikiza kwa baiskeli zao za magurudumu matatu kama maandamano. Upande wetu lori la vitunguu liliichukua giaboksi mpaka Mella. Wakati wa kuagana Nekesa aliushika mkono wa Papa akasema bila utani, "Usikubali kukaa kando. Ukikaa kando mara moja, watu wanazoea." Maneno hayo niliyasikia mimi, na sijui kama yalimsaidia au yalimwumiza.

Siku ya kuifunga, Baba Mkubwa ndiye aliyechimba shimo chini ya pikapu ili fundi asimame ndani yake. Hilo lazima liandikwe. Alikuwa amesema mbele ya kila mtu kwamba otomatiki ni upumbavu, na bado alichimba shimo tangu alfajiri, peke yake, akalinyoosha kingo kama kaburi la mtu anayeheshimiwa. Magogo ya mikalitusi yalisimamishwa na kufungwa kileleni, yakaning'inizwa mnyororo, na kamba za ng'ombe zikagawiwa wanaume wa jirani. Giaboksi ilikuwa uani juu ya majani ya migomba. Mbele yake ilikuwa na kitu cha chuma, mviringo kama chungu kilichofunikwa, ambacho Wandera alikiita konveta. Alitueleza hata sisi watoto, kwa kuwa alipenda kueleza: kitu hicho lazima kizame chote ndani ya giaboksi, kikibaki nje hata kidogo ukakaza bolti, kitaisukuma pampu ya mafuta iliyo nyuma yake na kuivunja kama yai. Alikizungusha polepole kwa viganja, kikagonga ndani, kikazama, kikagonga tena, kikazama. Akasema sasa kimelala.

Kisha wanaume wakavuta. Na wanaume wa kwetu, ukiwapa kamba, wanajua kuvuta namna moja tu, ile ya kumtoa dume matopeni: mmoja anapaza sauti, wote wanajibu kwa migongo yao. Wandera alikuwa shimoni akilia, "Polepole! Polepole, wazee, si ng'ombe!" lakini wimbo ulikuwa umeshaanza. Giaboksi iliinuka ikainama mbele, ikayumba, ikaingia chini ya gari, ikafika kwenye injini. Haikugusana nayo. Ulibaki ufa, upana wa kidole cha mtoto, kuzunguka pande zote. Nilikuwa karibu nikauona.

"Shusheni," Wandera alisema. "Konveta imetoka. Tushushe, nianze upya."

Wingu lilikuwa limeshatoka upande wa mlima Elgon, jeusi chini, na matone makubwa ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati. Shimo lingejaa maji muda si mrefu. Wanaume walikuwa wamechoka, mikono imechunika, na chungu cha pombe kilikuwa kinawangoja nyumbani kwa jirani.

"Kidole kimoja tu," Baba Mkubwa alisema. "Weka bolti. Bolti tavuta."

"Bolti itavunja, mzee."

"Wewe fundi naogopa mvua au naogopa kazi?"

"Naogopa hii chuma."

Wanaume walicheka, na Baba Mkubwa, akiwa amechangamka kwa kicheko hicho, akamgeukia Papa aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa, mkongojo mapajani. "Si nilikwambia weka manyuo? Unaona sasa? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ni methali tu. Walimu walitufundisha shuleni, na Baba Mkubwa alikuwa mtu wa methali, alizitupa kama mtu anavyotupa punje kwa kuku, bila kutazama anayeokota. Lakini safari hii neno lilikuwa guu. Hata mimi mtoto nilijua. Niliona yeye mwenyewe akijua, mdomo ukiwa bado wazi. Mwanamume mmoja aliyeshika kamba alitazama mguu wa Papa, kisha haraka akatazama kwingine, na Papa akamwona akitazama.

"Kaza," Papa alisema.

"Mzee, sikiza—" Wandera alianza.

"Gari ni ya nani? Nasema kaza."

Wandera alipanda kutoka shimoni. Aliweka spana ukingoni, akasema, "Mikono yangu haimo," akaenda kusimama chini ya paa. Nikimtendea haki: alikataa. Nikimtendea haki zaidi: spana angeweza kuitia mfukoni. Aliyeingia shimoni ni Baba Mkubwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini aliingia. Huenda aliamini kweli kwamba bolti zitavuta. Mimi naona alikuwa ameutaja mguu wa ndugu yake mbele ya watu, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi kwa mdomo, aliomba kwa kutii. Kwa mara ya kwanza mdogo alimwamuru, naye akafanya. Alikaza bolti moja baada ya nyingine, mvua ikimshuka mgongoni, ufa ukazibika. Mahali fulani katikati kulisikika sauti, ndogo, kama mtu amekanyaga kaa lililozimika. Wandera alifumba macho.

Mafuta mekundu yalimiminwa, injini ikawashwa. Papa alipanda mwenyewe, akakataa kushikwa. Pikapu ililia kama nguruwe anayefungwa kamba, akaingiza gia, akakanyaga mafuta, na haikusogea hata hatua moja. Mafuta yalianza kudondoka shimoni juu ya maji ya mvua, yakatanda, mekundu. Papa alikaa humo muda mrefu injini ikiwa imezimwa, mikono juu ya usukani, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Mwishowe Mama alimpelekea chai kwa dirisha.

Kufikia jioni ya kesho yake, sokoni walikuwa wanasema Omuse ameivunja giaboksi ya mdogo wake ili apate gari. Papa hakusema hivyo. Lakini watu walipolisema mbele yake hakukanusha. Baba Mkubwa naye hakukanusha. Aliuza dume lake moja la kulimia, akabaki na mwenzake asiyeweza kuvuta plau peke yake, na giaboksi ya manyuo ikanunuliwa, Wandera akaifunga bila maneno mengi. Watu wakasema, mmeona, amelipa kwa kuwa ana hatia.

Hivyo Baba Mkubwa akawa dereva, na Papa akakaa kando. Kwa msimu mzima alikataa hata kusafiri ndani yake. Wakati mwingine nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kiti cha dereva, gari limesimama, mguu wa kulia juu ya breki, akitazama migomba. Kisha siku moja Baba Mkubwa alishindwa kilima cha Molo na mzigo wa nyanya, kwa sababu alikuwa dereva mwoga aliyesahau gia akitazama barabara, na kuanzia hapo Papa alikaa kiti cha kushoto na kushika fimbo ya gia kwa mkono wake wa kulia. Mmoja alikanyaga, mwingine akapanga. "Kanyaga," Papa alisema. "Nimekanyaga." "Achia." Waliendesha hivyo miaka mingi, kilima kwa kilima, na nikikaa nyuma yao nilisikia maneno hayo tu. Wageni waliona jambo la kufurahisha, ndugu wawili wanaendesha gari moja. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba hawakuwa na maneno mengine.

Papa alifariki mwaka jana. Kwenye mazishi binamu mmoja alisimama kusimulia vichekesho, kama ilivyo desturi ili watu wapumzike kulia, akasimulia jinsi Omuse alivyoivunja giaboksi kwa ukaidi. Watu walicheka. Baba Mkubwa alicheka nao mpaka akafuta macho.

Siku hizi magari madogo karibu yote ni otomatiki. Mume wangu ana moja, nami naliendesha kwenda Tororo kununua unga, na hakuna kijana anayelitungia jina. Vipuri vimejaa Busia pande zote mbili. Papa angekuwa dereva kama dereva yeyote, na hilo ndilo linaloniuma. Alizaliwa mapema kidogo tu. Majuzi nilimpeleka Baba Mkubwa hospitali, sukari imemshika, akakaa kando yangu kiti cha kushoto na kofia yake mapajani. Alikuwa anajua kwamba naandika habari hizi, na tulipouona mwamba wa Tororo nilishindwa kunyamaza.

"Baba Mkubwa, siku ile ni Papa aliyesema kaza."

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Juu ya tairi."

"Lile lililopasuka?"

"Lile."

"Basi uliona." Aligeuza kofia. "Na spana ilikuwa katika mkono ya nani?"

"Wako."

"Basi. Na nani ametaja mguu?"

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Giaboksi ni chuma tu," alisema. "Usiandike hiyo maneno kumharibia baba yako."

Nimeyaandika, na sijui kama nimewatendea haki wote wawili au nimemkosea kila mmoja. Tulikuwa tunaingia mjini, kuna matuta, nikapunguza mwendo. Chini, upande wake, nikasikia kiatu kikigonga sakafu. Nilidhani ni maumivu. Kwenye tuta la pili kikagonga tena, nikatazama: mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga kila nilipopunguza, unashikilia, unaachia taratibu.

"Baba Mkubwa, huko hakuna klachi."

"Najua," alisema, akakanyaga.